Sanduku la Risasi

Sadallah aliuawa na kila kitu chake akaachiwa. Saa ilikuwa mkononi. Pochi ilikuwa mfukoni. Simu ilikuwa kwenye kishikio chake karibu na usukani, na ilikuwa bado inaita. Kwenye kioo chake liliandikwa jina moja: Mwantum.

Wanawake waliokuwa wakienda kwenye mpunga ndio waliomkuta asubuhi, ndani ya Noah nyeupe iliyoegeshwa kando ya barabara ya vumbi, pale msitu wa Rau unapoanza. Kichwa kilikuwa kimelalia usukani. Walidhani ni dereva aliyechoka, wakamsalimu. Hakuitika. Mmoja akasogea, akaona damu, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka tena habari ya mpunga.

Inspekta Elisifa Mtui aliizunguka gari bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kirua, mkimya, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione aibu. Alisimama kwenye mlango wa abiria.

"Amepigwa nyuma ya sikio la kushoto," alisema. "Aliyempiga alikaa hapa, kiti cha abiria. Kwa hiyo alimpakia mwenyewe."

"Na spana ya magurudumu iko pale kwenye nyasi," alisema Sajenti Mudrik, msaidizi wake. "Ina damu. Lakini wezi gani hawa, afande? Wameacha hadi simu."

"Wameacha tunachokiona. Angalia huku."

Nyuma ya kiti cha dereva, zulia la gari lilikuwa limebonyea. Alama ilikuwa ya mraba, ya kitu kidogo lakini kizito sana. Kitu chenyewe hakikuwapo.

Simu iliita tena. Mudrik aliitazama. Yeye ni mtoto wa Moshi mjini, na alikuwa akimwona marehemu msikitini kila Ijumaa.

"Namfahamu, afande. Ni Sadallah, dereva wa Kliniki ya Mringaringa, hapa hapa Rau. Huwa anapokea mizigo yao uwanja wa ndege. Mtu wa watu kabisa. Kila akirudi lazima apitie kwa Rukia, anywe chai kwanza."

"Basi na sisi tukanywe chai," alisema Inspekta. "Na hiyo simu, pokea wewe. Mwambie mkewe taratibu."

Mudrik alisogea pembeni na simu. Aliporudi waliingia garini, wakaenda kwa Rukia.

Rukia alikuwa na kibanda cha mabati chenye meza tatu na sufuria zisizopoa. Alipoambiwa, alikaa chini palepale kwenye gunia la mkaa, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Jana alasiri alikuwa hapo," alisema, akionyesha meza ya katikati. "Hapo hapo, afande. Akala kitumbua, akanitania kwamba kimejaa upepo."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Na lile sanduku lake."

"Sanduku gani?"

Rukia alisita. Alimtazama Mudrik, akamtazama Inspekta.

"Mimi sitaki kesi."

"Kesi imeshakuja, dada. Sanduku gani?"

"La chuma, lina kufuli. Haliachi kwenye gari hata siku moja. Analishusha, anahema, analiweka miguuni pake. Jana mteja mmoja alitaka kulisogeza kwa mguu ili akae, akashindwa. Akauliza, hili limebeba nini, mawe? Sadallah akamwambia, hilo ni sanduku la risasi, ndugu yangu, usiliguse."

Mudrik aliacha kuandika.

"Alisema risasi?"

"Kwa sauti. Watu wote walisikia."

"Alikuwa anatania?"

"Sadallah akitania anacheka. Hapo hakucheka."

Mudrik hakungoja. Alitoka nje kumpigia Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, na sauti yake ilisikika mpaka ndani: silaha, magendo, mpaka wa Tarakea. Mkuu naye hakuwa mtu wa kuchelewa. Kabla chai haijapoa, vizuizi vilikuwa vimeagizwa kwenye njia yote ya Rombo.

Inspekta alibaki amekaa.

"Huyo mteja aliyeuliza. Nieleze alivyo."

"Mtu mzima, wa huko juu mlimani, lafudhi yake ni ya Marangu. Meno yana rangi ya kahawia, yale ya magadi."

"Hapo umenitajia nusu ya mkoa."

Rukia alikaribia kutabasamu, akakumbuka yaliyomleta Inspekta, akajizuia. "Ana adabu. Anakuja karibu kila siku wiki hii. Anataka mtori wa ndizi, lakini niupike bila chumvi. Hata punje. Ananisimamia kabisa nisije nikasahau. Mimi nikadhani ni mambo ya dini."

"Na jana?"

"Jana aliongea sana na Sadallah. Alimuuliza, ni za bunduki gani? Sadallah akasema, hii haina bunduki. Nikaona yule mzee amenuna. Sadallah alipoinuka na yeye akainuka. Akaniacha na mtori wangu mkononi."

"Hakuuchukua?"

"Mpaka leo ninao. Na hotipoti yake."

Aliileta. Hotipoti ya bluu, kuukuu, ukingo wa mfuniko umeyeyuka kwa moto. Inspekta aliagiza ifungwe kwenye mfuko kwa ajili ya alama za vidole. Mudrik aliporudi alimkuta akiitazama.

"Afande, Mkuu anasema tuelekee Tarakea mara moja."

"Mudrik, mtu anayefanya magendo ya silaha anaagiza mtori?"

"Pengine ana njaa."

"Mwenye njaa hauachi. Twende kliniki kwanza."

Kliniki ya Mringaringa ilikuwa nyumba mpya ya ghorofa moja, kuta nene kuliko kawaida. Daktari Goodness Minja, mwanafizikia wa tiba, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na koti jeupe, na swali lake la kwanza lilimtoka kabla ya salamu.

"Sanduku liko wapi?"

"Sadallah amekufa," alisema Inspekta.

Daktari aliweka mkono kinywani. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Nisamehe. Nilidhani ndege imechelewa. Nimempigia usiku kucha. Nisamehe jamani. Amekufaje?"

"Amepigwa kwa ajili ya hilo sanduku. Daktari, nani anawaletea silaha hapa?"

"Silaha?"

"Marehemu alisema mbele ya watu kwamba amebeba sanduku la risasi."

Daktari Goodness alimkodolea macho. Kisha taratibu sana, akaigonga kwa kidole milango ya chumba kilichokuwa nyuma yake, milango mizito ya rangi ya kijivu.

"Risasi," alisema. "Hii. Madini ya risasi. Ndiyo yanayozuia mionzi isitoke. Sanduku ni la chuma, ndani limezungushiwa risasi, na ndani yake kuna kichungu, yaani chungu kidogo, nacho cha risasi. Ndiyo maana ni zito. Mimi mwenyewe nilimfundisha aseme hivyo. Nilimwambia, watu wakikuuliza usiwatishe na maneno ya mionzi, wataikimbia kliniki. Sema tu ni sanduku la risasi."

Mudrik aliitazama simu yake, ile aliyofungia nayo barabara ya Rombo nzima, akairudisha mfukoni.

Sadallah alikuwa amesema kweli tupu. Neno moja la Kiswahili lina mlango wa mbele na wa nyuma, na mtu akaingilia wa nyuma.

"Ndani ya hicho kichungu mna nini?" aliuliza Inspekta.

"Kidonge kimoja. Wakemia wamechukua madini joto, haya haya ya kwenye chumvi, wakayapa mionzi. Tezi ya shingo ina uroho wa madini joto, afande. Ikiyaona inabugia. Na saratani ya tezi nayo ina uroho ule ule, popote ilipojificha. Inakula moto ikidhani ni chakula. Basi inakufa."

"Na mtu mwingine akikishika?"

"Sanduku likiwa limefungwa, hamna neno. Akikitoa nje akakaa nacho, akakipasua, kitamdhuru yeye na watu wake. Lakini mimi namfikiria mgonjwa. Kiliagizwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Nguvu yake inapungua nusu kila baada ya siku nane. Saratani imeshafika kwenye mapafu. Tumemwachisha dawa zake, tumemnyima samaki, maziwa, mayai, ili tezi ipate njaa. Sasa hivi anatembea kama bibi wa miaka themanini, na ana kumi na tisa. Dawa hii imeahirishwa mara tatu. Nikimwambia aanze upya, sijui kama mwili wake utafika."

"Anaitwa nani?"

"Hiyo ni siri ya mgonjwa."

Inspekta aliinamisha kichwa. Aliheshimu siri. Aligeuka aondoke, kisha akasimama, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kimemkaa akilini tangu kwa Rukia.

"Mmemnyima na chumvi?"

"Chumvi yenye madini joto, ndiyo."

"Hata punje?"

"Hata punje."

Mwisho wa ukumbi alikaa msichana, amevaa sweta mbili kwenye joto la Moshi, skafu imezungushwa shingoni. Alikuwa ameegemea ukuta. Inspekta alimwendea, akakaa naye.

"Hujambo mwanangu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Asubuhi wamenipa ndizi hapa kliniki. Jana sikula. Baba hakuleta." Sauti yake ilikwaruza. "Labda alikosa gari la kurudi."

Mudrik alikuwa amesimama na ule mfuko mkononi. Inspekta alimwashiria kwa macho aufiche, lakini alichelewa. Msichana alikuwa ameshauona.

"Hotipoti yetu hiyo," alisema, akichangamka kidogo. "Mfuniko niliuunguza mimi. Mmemkuta wapi baba?"

Miaka yote ya kazi, Inspekta Elisifa alikuwa ameshazoea watu kudanganya. Hakuwa amezoea hili. Alimshika yule msichana mkono, na mkono ulikuwa wa baridi.

"Bado hatujamkuta," alisema. "Unaitwa nani?"

"Winfrida. Winfrida Antoni Mariki."

Nyuma yao Daktari Goodness aliegemea ile milango mizito, na uso wake uliwapa jibu ambalo mdomo ulikuwa umekataa kulitoa.

Waliondoka na Daktari kwenda Marangu, nyumbani kwa akina Mariki, kipima mionzi chake kikiwa magotini. Walipita Himo. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda, hewa ikapoa, na migomba ikafunga pande zote mbili.

"Ameiba dawa ya mwanawe mwenyewe," alisema Mudrik. "Ameua mtu aiibe dawa aliyokuwa anaingoja."

"Hakuiba dawa," alisema Inspekta. "Yeye ameiba risasi. Kinachonitisha ni hicho. Mtu akitafuta risasi kiasi cha kuua, ana mtu anayemngoja."

"Nani?"

"Ongeza mwendo."

Mjumbe wa mtaa kule Marangu aliwaelekeza njia, na bila kuombwa akawaambia mengine. Antoni alikuwa na bunduki ya marehemu baba yake, aliyekuwa mlinzi wa msitu. Kibali kilishakufa pamoja na mzee, bunduki ikabaki darini. Mwezi huu Antoni alikuwa ameulizia risasi kwa watu wawili watatu, akidai ngedere wanammalizia mahindi.

"Na wanammalizia?" aliuliza Inspekta.

"Mwaka huu ngedere hatujawaona, mama."

Walimkuta uani. Alikuwa amechuchumaa juu ya sanduku la chuma, msumeno wa chuma mkononi, kufuli limeshakatwa zaidi ya nusu. Bunduki ilikuwa juu ya benchi, imepakwa mafuta. Ng'ambo ya mfongo, mfereji uliopitisha maji kati ya vihamba viwili vya migomba, mwanamke mzee alikuwa akimkatia ng'ombe majani, mgongo amewageuzia.

Antoni alimwona Mudrik kwanza. Alitupa msumeno, akaikamata bunduki, akamwelekezea.

"Weka chini, mzee," alisema Inspekta kwa upole. "Haina kitu. Ingekuwa nacho usingekuwa unakata kufuli."

Yule mwanamke wa ng'ambo alisikia sauti, akageuka. Aliona bunduki, akaona sura ya aliyeishika, na mundu ukamdondoka.

"Antoni," alisema, "kumbe hizo risasi ulikuwa unanitafutia mimi?"

Mudrik alimpita Inspekta, akaipokonya bunduki, na pingu zikalia. Daktari Goodness alikuwa ameshapiga magoti kwenye sanduku. Kipima mionzi kilitoa mlio wa mara moja moja, kama kuku anayedonoa polepole. Alipumua.

"Halijafunguka. Kidonge kizima."

"Risasi zangu," alisema Antoni kwa Daktari, akimwona kwa mara ya kwanza. Alimfahamu, maana walikuwa wakionana kila siku kule kliniki. Alikunja uso, asielewe mtu wa hospitali anafuata nini uani kwake. Inspekta hakumweleza. Hilo lilikuwa bado na wakati wake.

Yule mwanamke wa ng'ambo alikuwa Tabitha, dada yake Antoni wa tumbo moja. Alitoa maelezo yake amekaa kwenye jiwe la mfongo.

"Aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, akaisogeza kwangu. Nilikasirika. Nikachukua chungu, nikakivunja pale mpakani, aone."

"Ulimwapiza?"

"Mama, mimi ni Mlutheri. Nilikivunja mdomo nikiwa nimeufumba. Chungu bila maneno ni vigae tu. Lakini mtoto alipovimba shingo, yeye akasema ni mimi. Nilimpelekea jani la isale kumwomba radhi, ingawa sikuwa na kosa. Isale halikataliwi. Yeye akalikataa. Hapo ndipo nilipojua mdogo wangu ameshanitoka."

Kule mjini Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa alikuwa ameshasikia habari, na alikuwa mkali kwa sababu ya vile vizuizi vya Tarakea.

"Kila kilichomo ni kielelezo, Inspekta. Sanduku, kichungu na kidonge. Vinakaa chumba cha vielelezo mpaka mahakama iamue."

"Afande, mahakama ikiamua, kidonge kitakuwa kimeshakufa. Na mgonjwa pia."

"Sheria ni sheria."

"Kipigwe picha, Daktari aape, sanduku na kichungu vibaki kwetu. Kidonge kiende. Nitasaini mimi. Nikifukuzwa, nifukuzwe mimi."

Mkuu alikuwa na mabinti wawili nyumbani.

"Saini wewe," alisema. "Na uniandikie kwa nini."

Lakini kazi haikuishia hapo. Jioni Daktari Goodness alimpigia Inspekta, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Walikuwa wamemweleza Winfrida yote, kwa kuwa haikuwezekana kumficha, na yeye alikuwa amegeukia ukuta.

"Anasema haimezi. Anasema kidonge kina damu ya mtu. Nimemwomba, mchungaji amemwomba, shangazi yake amepiga magoti. Hataki."

Inspekta alikuwa njiani kwenda msibani. Sadallah alikuwa ameshazikwa alasiri ile. Wanaume walikuwa wametandika mikeka barabarani, na ndani, kati ya wanawake, Mwantum alikuwa amekaa kwenye eda yake, shuka nyeupe mpaka kwenye nyusi. Hakuwa akilia tena.

Inspekta alimweleza yote bila kupunguza. Alimweleza neno lilivyosikika vibaya. Alimweleza mtu aliyekamatwa na mwanawe anayeumwa. Wanawake walisema "Innalillahi" kwa sauti za chini, na mmoja akapiga mapaja yake, akashindwa kunyamaza.

"Kwa hiyo aliuawa kwa ajili ya neno," alisema Mwantum.

"Ndiyo, dada yangu. Pole sana."

"Na hiyo dawa?"

"Ni nzima. Lakini yule msichana anakataa kuimeza."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Kwa ajili ya Sadallah."

Inspekta alijua hana haki ya kumwomba mwanamke yule kitu chochote, na hakumwomba. Alikuwa ameshaanza kuinuka aage.

"Siruhusiwi kutoka," alisema Mwantum. "Nipigie huyo msichana simu."

Daktari Goodness aliipokea, akaiweka sikioni mwa mgonjwa.

"Winfrida? Mimi ni mke wa Sadallah. Usilie, nisikilize. Mume wangu alikuwa akilishika lile sanduku kama mtoto. Alikuwa ananiambia, Mwantum, humu kuna mtu anangojewa. Jana alikuwa anakuletea wewe. Alikuwa amebakisha hatua chache tu afike. Sasa wewe ukikataa, mwanangu, utakuwa umemrudisha njiani. Usimrudishe. Mwache afike."

Alimrudishia Inspekta simu yake, akajifunika uso kwa shuka. Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu.

Asubuhi iliyofuata Antoni Mariki aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alisomewa haki zake. Alisema anazijua na hataki wakili. Alama zake za vidole zilikuwa zimelingana na za kwenye spana na za kwenye hotipoti.

"Ulimfahamu marehemu?"

"Hapana."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimwomba lifti, akanipa."

"Kisha?"

"Nikamwambia, niuzie mbili tu. Akasema haziuzwi. Nikamwambia, basi moja. Akaniambia, mzee, hizi ni za mgonjwa." Antoni alitikisa kichwa. "Risasi za mgonjwa. Nikaona ananidhihaki. Mimi nina mgonjwa, huyu ananitania. Spana ilikuwa pale miguuni. Sijui ilivyokuwa."

"Unajua ilivyokuwa."

"Nilimpiga. Nikatembea mpaka barabara kuu na sanduku ndani ya gunia, na majani juu."

"Risasi ulikuwa unazitakia nani?"

"Tabitha." Alilitaja jina la dada yake bila aibu. "Alinivunjia chungu. Akaniacha mimi mzima, akamfunga mtoto shingo. Kule kliniki kila siku naambiwa dawa inakuja, dawa inakuja, na mtoto anakauka mbele yangu. Nikasema dawa ninayo mwenyewe. Mwenye kufunga akiondoka, fundo linafunguka. Nilifanya kwa ajili ya mwanangu, mama. Ungekuwa mzazi ungejua."

"Mimi ni mzazi."

"Basi niambieni. Zilikuwa ngapi mle ndani?"

Mudrik aligeukia dirisha. Inspekta alikiweka mezani kile kichungu, kitupu sasa, cha kijivu, kidogo kama kikombe cha kahawa. Kilitua kwa kishindo kikubwa kuliko ukubwa wake.

"Hii ndiyo risasi aliyokuwa akiisema. Madini. Kitu cha kufunikia dawa kali. Hapakuwa na nyingine."

Antoni alikitazama, akamtazama Inspekta.

"Dawa gani?"

"Kuna karatasi imebandikwa ubavuni. Soma."

Alikivuta kwa mikono yenye pingu. Alikigeuza kwenye mwanga. Alianza kusoma kwa kunong'ona, kama wasomavyo watu waliojifunza kusoma kanisani, akifuata herufi kwa kidole. Alifika kwenye jina, akasimama. Akarudi mwanzo. Akasoma tena, na safari hii midomo ilicheza bila sauti.

"Hili ni jina la mwanangu," alisema.

"Ndiyo."

"Alisema ni za mgonjwa."

"Alikuwa anakwambia kweli."

Antoni aliinama juu ya kichungu. Mudrik, ambaye tangu jana alikuwa akitamani kumpiga, alijikuta amemsogezea maji. Hakuyanywa. Aliendelea kukisugua kile kichungu kwa kidole gumba, pale palipoandikwa.

"Amepewa?" aliuliza mwishowe. "Mama, nakuomba. Mtoto amepewa?"

"Alikataa. Alisema ina damu."

Alifumba macho.

"Kisha akameza," alisema Inspekta. "Jana jioni. Yuko kwenye chumba chake peke yake, hakuna anayeruhusiwa kumkaribia kwa siku chache. Daktari anasema dawa imeanza kwenda inakotakiwa."

"Nani alimshawishi? Tabitha?"

"Tabitha alimpigia magoti, hakumsikia. Ni Mwantum."

"Mwantum ndiye nani?"

"Mke wa mtu uliyemuua."

Antoni aliweka paji la uso juu ya meza, karibu na kile kichungu, na mabega yakaanza kutikisika. Inspekta Elisifa alimwacha. Kisha akamsogezea karatasi na kalamu, akamwambia ainue kichwa, kwa sababu maelezo yalikuwa bado hayajatiwa saini.